Kwa Goti Langu la Kushoto

Saa kumi na moja alfajiri, Juni, Mbeya.
Baridi imelala juu ya mabati
kama mdai aliyekataa kurudi kwake.
Nawe, goti, umeshaanza maneno:
leo hapana, mama Bupe,
ukungu umeshuka mpaka uani,
hata mbwa wa kina Mwaisumo hajatoka.

Nakusikiliza. Nakukanda kwa mafuta ya mgando
niliyoyayeyusha juu ya mfuniko wa birika.
Navaa viatu vya mtumba,
kimoja kina kamba nyeupe,
kingine nimekifunga kwa utepe wa gauni la mteja.
Tunatoka.

Miaka ishirini na sita, Mwanjelwa, nyuma ya cherehani.
Mguu wa kulia ulikanyaga, wewe ulingoja.
Nimeshona sare za shule, magauni ya kipaimara,
sanda mbili tatu nisizopenda kuzitaja.
Kibandani kiti, nyumbani kiti, kanisani benchi,
mpaka siku ile ngazi za benki
(ngazi tisa, nilizihesabu)
zikanikaba katikati.
Kijana wa ulinzi akakimbia kuniletea kiti.
Kiti!
Kitu pekee nilichokuwa nacho tele.

Daktari alisema sukari, akasema presha,
akaandika *mazoezi*, akalipigia mistari miwili.
Usimpe sifa. Sikuanza kwa ajili yake.
Nilianza kwa ajili ya Tusekile, dada yangu,
aliyelala miezi saba Igawilo akitazama dirisha,
na siku moja akaniuliza:
ile njia ya nyuma ya kwa Mwaisumo,
bado ina yale mawe tuliyokuwa tunarukaruka?
Nikasema, sijui.
Mimi, mwenye miguu yote miwili,
ninayekaa hatua mia kutoka pale,
nikasema, sijui.

Basi tunapanda.
Mikaratusi inanidondoshea maji shingoni.
Wauza maziwa wanateremka, madumu yanagongana:
Shikamoo mama, bado hujafika?
Marahaba. Nafika wapi?
Loleza haionekani, ipo tu,
kama mtu anayepumua chumba cha pili.
Nasimama, nashika kiuno, najifanya natazama mji.
Wewe unajua. Hatumwambii mtu.

Machi, kwenye matope, tuliishia kwenye bomba la maji.
Aprili, kwenye bomba vilevile, tuseme kweli.
Mei, kwenye nguzo ya umeme iliyoinama.
Leo nageuka, nguzo iko nyuma yetu, chini,
wala sikuiona tulipoipita.

Hapo kikanijia kitu, si furaha hasa.
Kama pasi ya mkaa
ukiigusa kwa kidole chenye mate
ikakujibu: tss.
Nikasema asante, kwa sauti.
Mama mmoja katika shamba la viazi akainua kichwa,
akadhani ni yeye,
akaitikia: haya, mwenzangu.

Goti, nisamehe nilivyokuita bovu mbele ya wateja.
Ulipanda na ndoo kutoka mtoni.
Ulimbeba Bupe mgongoni usiku ule wa degedege.
Na kila nilipoomba kitu kwa Mungu,
nyumba, ada, mume arudi,
wewe ndiye uliyegusa sakafu.
Wewe mwenyewe sikuwahi kukuombea.

Kushuka ni kugumu zaidi.
Taratibu. Shika nyasi hizo.
Mawe ya ile njia nimeyahesabu:
yapo arobaini na moja, moja limeng'oka.
Wa kumwambia hayupo,
nayataja hivyo hivyo, moja moja, tukiteremka,
na mbwa wa kina Mwaisumo, sasa ameamka,
anatufuata bila kubweka.

Saa mbili kuna mtu atakuja kuchukua suruali yake.
Leo cherehani nitaikanyaga kwa mguu wako.